Kabureta Mbili na Hewa ya Ziwani

Nilipostaafu, vijana wa karakana walininunulia saa ya ukutani na kuniomba niandike kumbukumbu zangu za kazini. Nilifurahi sana, mpaka mke wangu Blandina aliponieleza maana yake. "Wanataka uandike," alisema, "ili usiwe unakwenda kule kila asubuhi kuwasimulia." Huenda ni kweli. Lakini niliyeombwa ni mimi, na kalamu ninayo, basi someni. Sitaandika nilipandishwa cheo lini wala nililipwa nini, kwa sababu habari ya kwanza ilichelewa sana na ya pili ilikuwa ikiisha upesi.

Nitaandika juu ya kabureta. Ninyi mtakuwa mafundi wa kwanza hapa Mbinga kumaliza kazi bila kuonja petroli. Magari ya siku hizi mnayachomeka mashine, mashine inawaambia ugonjwa, halafu mnabaki kubishana na mashine. Sisemi ni vibaya. Nasema tu kwamba zamani gari lilijieleza lenyewe, na fundi ilimpasa awe na adabu ya kusikiliza.

Nilianza kazi katika karakana ya chama cha wakulima wa kahawa, nikitokea kwetu Mapera, nimevaa shati la kipaimara ambalo lilikuwa limekwisha kunikataa kifuani. Fundi mkuu alikuwa Mzee Kastori Kapinga, mtu mfupi, mkali, mwenye mashavu makubwa yaliyotokana na kupuliza vitundu vya petroli maisha yake yote. Siku ya kwanza alinipa kabureta ya mashine ya kumenyea kahawa iliyoletwa kutoka Namswea, akaniambia nisafishe. Nikatafuta waya mwembamba nichokonoe. Akanipiga kofi la mkononi.

"Tundu hilo lilipimwa na mtu aliyetulia," alisema. "Wewe ukilichokonoa utalipanua, na likipanuka mashine itakunywa kama mgeni wa harusi. Puliza!"

Nikapuliza, petroli ikanirudi kooni. Nikatema na kusema ni chungu. Mzee Kastori akasema uchungu si habari, habari ni kama ina maji. Tangu siku hiyo nikajifunza kuonja. Kwa ulimi nilijua petroli safi, petroli yenye maji na petroli iliyooana na mafuta ya taa njiani. Nilipooa, Blandina alinipiga marufuku kukaa karibu na mafiga. Alisema kwao hawakumtoa ili aje aungue.

Sisi Wamatengo tuna sengu, mahali ambapo wanaume wa ukoo hula pamoja, na mambo mazito ya nyumbani huamuliwa hapo hapo mikono ikiwa kwenye ugali. Mzee Kastori aliileta sengu karakanani. Mchana tulikaa sote kuzunguka sinia moja la ugali na maharage, na gari lililotushinda asubuhi lilijadiliwa kama shauri la ndoa. Hakuna aliyeruhusiwa kushika spana kabla shauri halijaisha. Wateja walilalamika kwamba tunakula badala ya kutengeneza. Hawakujua kuwa ndiyo kazi yenyewe.

Nakumbuka shauri la Landrova ya mfanyabiashara mmoja wa Mkumbi. Ilizimika kila ilipopanda mlima na mahindi. Mwenyewe alikuwa na dawa yake: alishuka, alifungua kifuniko cha tangi kuona kama petroli ipo, alisali Salamu Maria moja, akafunga, gari likawaka. Alikuja kwetu kwa kuwa milima ilikuwa imeongezeka na sala zilikuwa zinamchosha. Tulikula juu ya shauri hilo mchana kutwa. Mwishoni Mzee Kastori akalamba vidole, akaenda kwenye kifuniko na kukuta kitundu cha kupitishia hewa kimezibwa kwa nta ya nyuki. Mwenye gari alikuwa amekiziba mwenyewe, ili harufu isiharibu mahindi. Tangi lisilovuta hewa halitoi petroli, na kila alipofungua kifuniko kusali, alikuwa analipumzisha.

"Sala endelea nayo," Mzee Kastori alimwambia. "Nta ndiyo uache."

Mzee Kastori alipofariki niliachiwa vitu viwili: bisibisi yake nyembamba na kipande cha mpira wa maji, ule ambao waashi hupimia usawa wa msingi. Nilimlilia kama baba, maana kwa mikono yangu hii alikuwa baba. Kisha miaka ikaenda, na kabureta nazo zikaanza kwenda. Nikabaki na misumeno ya petroli, pikipiki na mashine za kahawa. Nilikuwa nimekwisha kuzoea kuitwa mzee wa vitu vya zamani, ndipo Bwana Hoza alipohamia Mbinga.

Bwana Hoza alikuwa afisa ardhi, Mbondei wa Muheza, mjane wa miaka mingi, mtaratibu wa kusema. Vyombo vyake vilikuja juu ya lori, na katikati ya magodoro kulikuwa na gari. Gari lenyewe lilikuwa la Kiingereza, la kijani, la viti viwili tu, fupi kwenda juu kiasi kwamba mtu akiliendesha utadhani amekaa kwenye karai. Paa lilikuwa turubai. Baba yake alikuwa dereva wa meneja wa shamba la mkonge. Meneja aliporudi kwao alimwachia dereva wake gari hilo la kutembelea, na mzee naye alipofariki akamwachia mwanawe. Tangu hapo, kila Bwana Hoza alipohamishiwa, gari lilihamishiwa naye.

"Fundi," aliniambia siku aliponijia, miezi kadhaa baadaye, "nimeambiwa wewe ndiye uliyebaki."

Sikupenda alivyolisema, lakini nilifungua boneti. Humo ndani zilikaa kabureta mbili, zimesimama bega kwa bega kama mapacha siku ya ubatizo. Nilikuwa nimeziona za namna ile mara chache nikiwa kijana, Mzee Kastori akiwa amesimama nyuma yangu. Kila moja ina kengele ya shaba juu, na ndani ya kengele pistoni inayopanda na kushuka kwa mvuto wa hewa. Ukikanyaga mafuta, hewa inaongezeka, pistoni inapanda, petroli inafuata. Hakuna umeme, hakuna mashine ya kumwambia mtu. Nilijisikia vizuri, nakiri.

Gari lilikuwa linatoa moshi mweusi na lilinguruma likiwa limesimama kana kwamba limetukanwa. Nikafungua vifuniko vya kengele. Humo juu hutakiwa oili nyepesi, ili pistoni isirukeruke. Fundi fulani njiani alikuwa amejaza oili ya gia, nzito kama asali, na pistoni zilikuwa zinapanda kwa kujivuta kama wanafunzi wa Jumatatu. Nikazisafisha na kuweka mafuta ya cherehani ya Blandina. Aliyatafuta mafuta yake wiki nzima. Sasa ameyapata, humu kwenye maandishi.

Kisha ikaja kazi ya mpira. Kabureta mbili lazima zivute sawa. Moja ikiwa mlafi, mwenzake anakonda na injini inachechemea. Unaweka ncha moja ya mpira kwenye mdomo wa kabureta, ncha nyingine sikioni, unasikia hewa inavyopita. Unahamia ya pili, unasikiliza, unarekebisha skrubu, unarudi. Nilikuwa nimeinama hivyo kando ya barabara, mpira sikioni na macho nimefumba, katekista akapita.

"Fundi, unampigia nani?"

"Naongea na Uingereza," nikamjibu. "Wanasema nitengeneze upya."

Mwisho ni mchanganyiko wenyewe. Chini ya kila kabureta kuna nati. Ukiishusha, petroli inaongezeka, ukiipandisha, inapungua. Unajuaje kama imetosha? Unainua pistoni kidogo sana kwa ncha ya bisibisi na kusikiliza. Injini ikipandisha mlio na kubaki huko, petroli imezidi. Ikififia kutaka kufa, imepungua. Ikistuka kidogo kisha ikarudi palepale, hapo ndipo. Mzee Kastori alisema ni kama kumgusa mtu aliyelala usingizi mzuri: anageuka, anaendelea. Nilipandisha nati, nikagusa, nikapandisha tena, mpaka gari lile lilipogeuka na kuendelea kulala. Moshi uliisha. Kwenye bomba hakukuwa na masizi hata ya kuchafua leso. Bwana Hoza alisimama pale machozi yakimlenga, akasema hajausikia mlio ule tangu baba yake akiwa hai.

Ndipo aliponieleza kwa nini alikuwa na haraka. Kule Mbamba Bay alikuwa na mchumba. Alikuwa ameteremka kupima viwanja, akashikwa na malaria, akalazwa kituo cha afya, na muuguzi aliyemchoma sindano aliitwa Agatha. Wote wawili walikuwa wamepita umri wa kuoneana haya. Walikuwa Waanglikana wote, wamepatana, wamechoka upweke. Kilichobaki kilikuwa baba yake Agatha, Mzee Chiwangu, aliyekuwa fundi wa mitambo melini kabla ya kustaafu, mtu wa dizeli tangu ujana.

Bwana Hoza alikuwa amekwenda kujitambulisha na gari lile kabla ya kunijua mimi, na gari likafika nyumbani kwa mzee likivutwa na trekta. Mzee Chiwangu akatoka barazani, akalizunguka, akasema mbele ya watu: "Mkwe anayekuja amevutwa, na mke atamvuta. Siku gari hili litakapoingia kwangu kwa nguvu zake lenyewe, ndipo nitakapopokea mshenga. Siyo kwa basi, siyo kwa kuvutwa, siyo kwa kusukumwa."

Watu walicheka wakidhani ni utani. Bwana Hoza alituma ujumbe mara nyingine na nyingine, jibu likawa lile lile. Mzee hakuwa anatania. Binti alikuwa ameapa kwamba hataolewa bila baraka ya babaye, na Bwana Hoza alikuwa ameapa kwamba hatamwibia mtu binti. Kwa hiyo ndoa ya watu wawili wazima ilikuwa imening'inia kwenye kabureta mbili, na kabureta zilikuwa mikononi mwangu.

"Na mshenga ni nani?" nikamuuliza.

"Kwetu ni mbali, Fundi. Sina mtu mwingine huku. Nisimamie."

Nikakubali. Blandina alinipigia pasi suti yangu, ambayo huwa naivaa kwa mazishi na Pasaka, akanisihi nisiguse kitu chochote chenye oili. Mshenga mchafu, alisema, ni posa iliyokwisha kukataliwa.

Tuliondoka Mbinga asubuhi yenye ukungu, lami ya kwenda ziwani ikiwa bado mpya. Gari liliimba. Kwenye kona za kuteremka lilijiegemeza na kunyooka, na watu waliokuwa wakipalilia kahawa waliacha majembe kututazama. Nilishika kofia kwa mkono mmoja na mlango kwa mwingine. Makalio yangu na lami vilikuwa vinasalimiana, lakini moyo ulikuwa mweupe. Nilikuwa natunga maneno ya kumwambia Mzee Chiwangu. Nilipanga kuanza na sifa za ukoo wa Hoza, ambao sikuujua hata kidogo.

Joto likapanda kadiri tulivyoshuka. Nikavua koti. Tulipofika mahali ambapo ziwa linaonekana kwa mara ya kwanza, likiwa limetandazwa mpaka Malawi, kabureta moja ikapiga chafya.

"Nini hiyo?" Bwana Hoza aliuliza.

"Vumbi," nikasema.

Ikapiga ya pili. Kisha na mwenzake akajibu. Kufika bondeni gari lilikuwa linapiga chafya kila tulipokanyaga mafuta, *pu! pu!*, na akina mama waliobeba ndoo za dagaa wa usipa kichwani walikuwa wanasogea pembeni wakicheka. Ndipo nilipoelewa, na nikaona aibu ikinipanda kutoka miguuni. Sisi wa milimani tunadhani hewa ni moja. Hewa ya Mbinga ni nyembamba, ya ziwani ni nzito. Mimi nilikuwa nimeipima petroli kwa hewa ya Mbinga, sawasawa kabisa, bila kuacha hata tone la ziada. Huku chini hewa iliongezeka, petroli ikabaki ile ile. Maisha yangu yote nilikuwa nimeteremsha Landrova huku bila tatizo, kwa sababu Landrova niliziacha zinywe zaidi na hazikunung'unika. Hili nililipima kama dawa ya mtoto, na usahihi wangu ndio uliokuwa unaliua.

"Tusimame urekebishe?" Bwana Hoza aliuliza. Jasho lilikuwa linamtiririka.

"Injini imepata moto. Likizimika halitawaka upesi, na mzee ana watu wake njiani. Wakiliona limesimama, habari itatutangulia."

Nikavuta choki. Choki ya gari lile kazi yake ni kama ya nati, kushusha vitundu vya petroli ili petroli iongezeke. Gari likatulia. Lakini choki haikukubali kukaa, ilirudi kila nilipoiachia, ikabidi niishikilie waya wake kwa mkono. Tukaenda hivyo, mshenga wa watu ameinama chini ya dashibodi anavuta waya, bwana harusi anaendesha na kusali kwa Kizigua au Kibondei, sikujua ni kipi.

Tukakata kona ya mwisho. Niliiona nyumba, nikaiona baraza, nikamwona Mzee Chiwangu amesimama na fimbo, na watu wengi kando yake. Nikavuta waya kwa nguvu zaidi, na waya wote ukaja mkononi mwangu.

Gari likapiga chafya kubwa kuliko zote na kuzimika. Likabingirika kwa mwendo uliobaki, likaacha barabara, likapita kalavati, likaingia kwenye mihogo na kusimama. Kati yetu na uwanja wa mzee kulikuwa na ukanda wa mihogo tu, ambao mtu angeuvuka kabla hajamaliza kukohoa. Bwana Hoza aliweka paji la uso kwenye usukani. Vijana wawili walikuja mbio wakitaka kusukuma. Nikapiga kelele: "Asiguse mtu! Asiguse!"

Mzee Chiwangu hakusogea. Alikuwa na uso wa mtu aliyeshinda na hafurahii.

Ndipo mama mmoja alipochomoka kwenye nyumba ya pili, jembe mkononi. Aliitwa Mama Ndomba, jirani yake.

"Ondoeni hilo karai!" alipiga kelele. "Mnaniharibia mihogo! Nani kawaruhusu kuingia shambani kwangu?"

"Shambani kwako?" Mzee Chiwangu alifoka kutoka barazani, fimbo juu. "Tangu lini? Hapo ni kwangu! Ni kwangu mpaka kwenye kalavati! Nimekuambia tangu marehemu mumeo yuko hai, na balozi wa nyumba kumi anajua, na hapo ni kwangu!"

Nikasikia watu wakivuta pumzi. Mimi pia nilivuta yangu, nikashuka garini, nikavaa koti na kufunga vifungo. Mshenga kazi yake ni kusema, na maneno yalikuwa yameletwa kwangu kwenye sahani.

"Shikamoo, Mzee Chiwangu."

"Marahaba," alijibu kwa hasira, bado anamtazama jirani.

"Tumekusikia mbele ya watu wote. Ulisema gari liingie kwako kwa nguvu zake. Halikuvutwa, halikusukumwa. Sasa nakuuliza kwa heshima: hapa lilipo, ni kwako au si kwako?"

Mama Ndomba alikuwa mwepesi kuliko nilivyotegemea. Alichomeka jembe chini na kushika kiuno. "Aseme! Akisema halijafika kwake, basi mihogo ni yangu, na mashahidi ni ninyi nyote. Na afisa ardhi yumo humo humo kwenye karai!"

Afisa ardhi alikuwa ameinua kichwa kidogo tu. Aliponitazama alinyanyua mikono miwili, kuonyesha kwamba hilo shauri yeye hawezi kulisemea neno.

Mzee Chiwangu akaitazama mihogo. Akamtazama Agatha, aliyekuwa ametoka mlangoni, ameshika mwiko. Akaitazama mihogo tena. Sijawahi kumwona mtu akiteseka vile bila kuumwa.

"Limefika," alisema.

Akina mama wakapiga vigelegele. Mama Ndomba akasonya, akachomoa jembe lake na kusema wataonana kwa balozi, lakini nilimwona akigeuka pembeni kucheka. Mpaka leo sijui kama alikuja kwa ajili ya mihogo au kwa ajili ya Agatha, ambaye yeye ndiye aliyemlea baada ya mama yake kufariki. Nilimuuliza siku moja, akaniambia niangalie kabureta.

Tulikula mbasa na ugali wa muhogo. Posa ikapokelewa, maneno yote yakaenda kama yanavyopasa kwenda. Lakini mzee hakula. Alikuwa anachambua samaki na kumwekea binti yake kipande baada ya kipande, kama mtu anayemlisha mtoto wa kwenda bweni. Agatha alipokuja kuninawisha mikono aliinama karibu yangu.

"Baba hana shida na gari, Mzee Ndunguru," alisema polepole. "Tangu mama aondoke hajawahi kula peke yake. Nikienda Mbinga, atapika nani? Atakula na nani? Aliweka sharti lile akijua halitatimia."

Lilinichoma. Nilikuwa nimekuja kumshinda mzee mbishi, kumbe nilikuwa nimekuja kumnyang'anya sahani ya pili mezani.

Baada ya chakula nilivua koti nikaenda kwenye mihogo, kwa sababu gari lilikuwa limefika lakini lilikuwa bado linatakiwa kuondoka. Sikukaa sana, nikasikia fimbo nyuma yangu. Fundi ni fundi. Mzee Chiwangu alisimama akiitazama injini kwa dharau, kisha kwa dharau kidogo, kisha akaegemeza fimbo kwenye mhogo na kuinama.

"Hii mitungi ya shaba inafanya nini?"

Nikamweleza pistoni, nikamweleza nati. Nikaliwasha, likakohoa. Nikampa mpira aweke sikioni. Aliufuata mvumo wa kabureta ya kwanza, akahamia ya pili, akarudi, na uso wake ukabadilika ukawa wa kijana wa karakana.

"Zinavuta sawa," alisema kwa mshangao. "Tatizo chakula hakitoshi."

"Ndivyo, Mzee."

Nikazima. Bwana Hoza na Agatha walikuwa wamekuja, wamesimama upande wa pili wa boneti. Nikachukua spana, nikalala chini kwenye mihogo na shati langu jeupe, Blandina anisamehe, nikaishika nati ya kwanza. Hapo nikasita. Kulikuwa na jambo ambalo fundi lazima amwambie mwenye gari, nanyi mkumbuke kuwaambia wenu.

"Bwana Hoza," nikasema nikiwa chini, "nikishusha nati hizi, gari litakuwa zuri huku. Lakini kule Mbinga litajaa petroli, litatoa moshi, kila siku litakusumbua. Na nikiziacha za Mbinga, huku utapiga chafya. Haliwezi kuwa zuri kote kote. Niliweke kwa hewa ya wapi?"

Niliuliza kama fundi, naapa. Lakini nilipoona miguu ya watu watatu imesimama kuzunguka gari bila kusogea, nilielewa nilichouliza. Nikageuza shingo. Agatha alikuwa anatazama majani ya mihogo. Bwana Hoza alikuwa anamtazama Agatha, kisha akamtazama mzee.

"Liweke kwa hewa ya huku, Fundi," alisema. "Halmashauri ya huku nayo ina viwanja vya kupima. Nitaomba uhamisho."

Agatha aliziba mdomo kwa khanga. Mimi nikashusha nati ya kwanza, kisha ya pili, polepole, sawa kwa sawa. Mzee Chiwangu alikuwa amegeukia injini, ameinama sana, ameshika mpira sikioni na macho kafumba, anatikisa kichwa kama anayesikia vizuri kabisa. Injini ilikuwa imezimwa zamani. Hakuna aliyemwambia.